Vifuko vya Ini: Habari za Profesa de Duve na Maradhi Yaliyoingia Ukoo Wetu



Katibu wa Jumuiya yetu ameniomba niandike makala ya historia kwa ajili ya kijitabu cha mkutano wa mwaka huu. Najua alitarajia habari za mababu kama zilivyokuwa katika vijitabu vilivyotangulia: nani alishuka jahazi gani, nani alijenga nyumba ipi, nani alioa wapi. Habari hizo zimekwisha andikwa na watu wazijuao kuliko mimi. Nimechagua historia ya mtu asiyekuwa wa ukoo wetu wala hakupata kutujua, ilhali kazi yake imeingia ndani ya nyumba zetu mbili. Mtu huyo ni Christian de Duve, Mbelgiji, mwanabiokemia, aliyetumia sehemu kubwa ya umri wake kuchunguza maini ya panya.

Mimi si daktari. Nilianza kazi katika masijala ya Serikali huko Unguja, nikahamia Uingereza mwaka 1988 nikiwa mtu mzima mwenye mke na mtoto, nikatumikia ofisi za serikali huku hadi kustaafu. Nimesoma mambo haya kwa utaratibu ule ule niliozoea kusomea majalada: ukurasa kwa ukurasa, na tarehe kwanza. Kwa kuwa baadhi yenu mlisoma sayansi na wengine hamkuisoma, nitajitahidi kueleza kila jambo kwa lugha ya nyumbani.

De Duve alizaliwa tarehe 2 Oktoba 1917 katika kitongoji cha Thames Ditton, karibu na London. Wazee wake walikuwa wamekimbilia Uingereza kwa sababu ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1920 walirejea kwao na kufanya maskani Antwerp. Basi alikuwa mtoto wa wakimbizi, aliyezaliwa ugenini, na ndiyo maana naamini wengi katika sisi hawatamwona mgeni sana. Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Leuven. Alipoitwa jeshini mwaka 1940 alitekwa na Wajerumani, akatoroka, akarudi darasani, akahitimu mwaka 1941 nchi yake ikiwa mikononi mwa adui.

Jambo lililomshughulisha tangu ujana wake lilikuwa insulini. Dawa hiyo iligunduliwa Toronto mwaka 1921, na tangu hapo imeokoa maisha ya wagonjwa wa kisukari wasiohesabika, wakiwamo wa ukoo huu. Lakini katika miaka ile ya vita hakuna aliyeweza kueleza kwa yakini insulini hufanya nini inapofika kwenye ini. De Duve alitaka kulijibu swali hilo. Aliona kwamba udaktari peke yake haumtoshi, akasomea kemia pia. Kisha akaenda Stockholm kwa Hugo Theorell na St. Louis, Marekani, kwa Carl na Gerty Cori, mume na mke waliopata Tuzo ya Nobel mwaka 1947. Mwaka huo huo alirejea Leuven kufundisha, akakusanya vijana wachache hodari, wakaanza kazi.

Hapa naomba subira yenu, kwani ndipo penye kiini cha habari.

Mwili wa mwanadamu umejengwa kwa chembe ndogo mno ziitwazo seli, na ndani ya kila seli kazi hufanywa na vimeng'enya. Kimeng'enya ni protini inayoharakisha jambo moja maalumu: kimoja hukata wanga, kingine hukata mafuta, kingine huunganisha. De Duve na wenzake walikuwa wakikitafuta kimeng'enya kimoja cha ini kiitwacho glukosi-6-fosfatasi, ambacho huiachia sukari itoke kwenye ini na kuingia katika damu. Walitaka kujua kinakaa sehemu gani ya seli. Njia yao waliirithi kwa Mbelgiji mwenzao, Albert Claude, aliyeibuni New York. Ini la panya husagwa polepole ndani ya maji ya sukari, katika mrija wa kioo wenye mchi unaoenea barabara ndani yake, mpaka seli zipasuke lakini vilivyomo visiharibike. Kisha rojo hilo hutiwa katika mashine inayozunguka kwa kasi. Vitu vizito huzama kwanza, humwagwa upande. Mashine huongezwa kasi, vikazama vya uzito wa kati. Huongezwa tena, vikazama vyepesi. Mwisho huwa na mafungu kadhaa, na katika kila fungu hupimwa kipo kimeng'enya gani na kwa kiasi gani.

Mtu aliyefanya kazi masijala huifahamu kazi hii mara moja. Ni kupanga makaratasi yaliyochanganyika, kisha kuhesabu. Na kanuni ya kwanza ya kuhesabu ni kwamba jumla ya mafungu lazima ilingane na kilichokuwapo mwanzo.

Pamoja na kile walichokitafuta, walipima pia kimeng'enya cha pili, fosfatasi ya asidi, kwa ajili ya kulinganisha tu. Haikuwa na umuhimu wowote kwao. Mwishoni mwa mwaka 1949 hesabu ya kimeng'enya hicho cha ziada ikakataa. Zamani walipolisaga ini kwa mashine ya umeme yenye visu walikuwa wamepata kiasi fulani; sasa walipolisaga kwa upole, walipata kama sehemu 1 tu katika 10 ya kiasi kile. Sehemu 9 zimekwenda wapi? Mafungu yale yaliwekwa katika jokofu. Baada ya siku 5 waliyatoa na kuyapima tena, na kimeng'enya kilikuwa kimerudi chote, kwa kiasi kile kile kilichotarajiwa.

Nimekuwa mtumishi wa serikali muda mrefu, nami najua afisa wa kawaida hufanya nini akikuta hesabu ya jana haikubali na ya leo imekubali. Huandika ya leo, akaichana ya jana, akaenda zake nyumbani. De Duve angeweza kusema kuwa kipimo cha kwanza kilikosewa, na hakuna ambaye angemlaumu, kwa kuwa swali lake lilikuwa insulini na jambo hili halikuihusu. Hakufanya hivyo. Yeye na kijana wake Jacques Berthet walikaa juu ya tofauti ile hadi wakaipatia maana: kimeng'enya hakikupotea, kilifungiwa. Kilikuwa ndani ya vifuko vidogo vyenye utando, na dawa ya kupimia haikuweza kupenya utando huo. Visu vya umeme vilivipasua vifuko, mchi wa kioo haukuvipasua, na zile siku 5 za jokofu zilivichakaza mpaka vikavuja. Jalada halijaibiwa, limo katika kabati lililofungwa, na ufunguo haupo mezani.

Swali la insulini likawekwa kando. Yeye mwenyewe hakulirudia tena kama alivyokusudia, na ukitazama kwa jicho la ofisi, huo ulikuwa mradi ulioacha lengo lake. Hadi mwaka 1955 walikuwa wamekwisha kupata vimeng'enya 5 vyenye tabia moja: vyote vimefungiwa, vyote hufanya kazi penye asidi, na vyote kazi yao ni kukata na kumeng'enya. Wakafahamu kwamba wamepata tumbo la seli, mahali ambapo seli humeng'enya kilichochakaa na kilicholiwa kutoka nje. Utando upo ili seli isijile yenyewe. De Duve akavipa vifuko hivyo jina la lisosomu, kwa maneno ya Kiyunani yenye maana ya kitu kiyeyushacho. Wakati anavipa jina alikuwa bado hajaviona. Alivijua kwa hesabu tu. Mwaka huo huo Alex Novikoff, Mmarekani, alizuru Leuven, akatwaa mafungu yale na kuyatazama kwa hadubini ya elektroni, na vifuko vikaonekana.

Ugunduzi wa pili nitaupitia upesi. Kimeng'enya kingine kilikuwa kikizama pamoja na lisosomu, lakini hakikuwa na tabia yake. De Duve hakukubali kukitupa katika fungu hilo kwa kuwa tu uzito unafanana. Katika miaka ya 1960 wakapata hila nzuri: panya alidungwa dawa inayojazana ndani ya lisosomu na kuzifanya nyepesi, hata zikaelea mbali na vingine. Wakabaki na vifuko vya aina nyingine kabisa, vinavyotengeneza na kuvunja haidrojeni peroksaidi, ile dawa ya kuoshea vidonda inayotoa povu. Akaviita peroksisomu. Watoto wanaozaliwa bila vifuko hivyo hupata maradhi mazito ya ubongo na ini, lakini hayo si ya kwetu, na Mwenyezi Mungu atuepushe nayo.

Tangu mwaka 1962 de Duve alikuwa na maabara mbili, moja Leuven na moja katika Taasisi ya Rockefeller, New York, akivuka bahari huku na huko kwa miaka mingi. Nyumbani kwake chuo kiligawanyika kwa ugomvi wa lugha, wasemao Kiflemi wakabaki Leuven na wasemao Kifaransa wakahamia kwingine; alichoanzisha yeye baadaye kilijengwa Brussels, na leo taasisi hiyo inaitwa kwa jina lake. Mwaka 1974 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Albert Claude na George Palade, Mromania aliyehamia Marekani. Mwaka huo pia aliandika makala kuhusu dawa zinazopenda kujikusanya penye asidi ndani ya seli, na miongoni mwake ni klorokwini. Wenzangu wa umri wangu mtaikumbuka klorokwini kwa uchungu wake na mwasho uliokuwa ukituamsha usiku. Basi nguvu yake juu ya malaria hutokana na tabia hiyo hiyo: hujazana katika kifuko chenye asidi ambamo kimelea humeng'enyea damu yetu, ikamwekea sumu palepale mezani pake.

Sasa nije kwenye nyumba zetu.

Mwaka 1932, huko Uholanzi, daktari Joannes Pompe aliandika habari za mtoto wa kike wa miezi 7 aliyefariki kwa moyo uliovimba kupita kiasi. Alipochunguza alikuta misuli na viungo vimejaa glaikojeni, yaani sukari ya akiba ambayo kwa kawaida huwekwa na kutumiwa kwa kiasi. Kwa nini ilijaa, hakujua. Pompe hakuishi kujua: alikuwa katika harakati za kuwapinga Wajerumani waliotawala nchi yake, nao walimpiga risasi mwezi wa Aprili 1945, vita vikiwa ukingoni kumalizika. Kwa miaka 30 maradhi yaliyobeba jina lake yalikuwa fumbo, kwa kuwa vimeng'enya vyote vilivyojulikana vya kukata glaikojeni vilipopimwa kwa watoto hao vilikuwa salama.

Fumbo hilo lilifumbuliwa mwaka 1963 na Henri-Géry Hers, mmoja wa wale vijana wa Leuven waliokuwa na de Duve tangu siku za mwanzo. Yeye alikuwa anajua jambo ambalo wengine hawakulitilia maanani, kwamba seli ina jiko la pili, lisosomu. Akapima humo, akakuta kimeng'enya kimoja cha kukata glaikojeni hakipo. Kila siku glaikojeni kidogo huingia katika vifuko, haikatwi, haitoki. Vifuko huvimba, misuli hulegea, na moyo, ambao nao ni msuli, hutanuka hadi ushindwe. Tangu wakati huo yamejulikana maradhi zaidi ya 50 ya namna hii, kila moja likiwa na kimeng'enya chake kilichokosekana.

Wazee wetu wanakumbuka mtoto aliyezaliwa Unguja miaka ya themanini, kabla mimi sijaondoka. Sitataja jina lake wala la wazazi wake, na nimeandika haya kwa idhini ya mama yake. Alizaliwa mzuri, mwenye afya. Kufikia mwezi wa tatu shingo haikukaza, ulimi ulikuwa mkubwa, akichoka kunyonya. Katika hospitali waliyompeleka waliambiwa moyo ni mkubwa, basi. Hakumaliza miezi 9. Kisha yakaanza maneno. Wako waliosema ni jicho. Wako waliosema maziwa ya mama yalikuwa mabaya, na hayo yalisemwa mbele yake, arubaini haijatimia. Ndoa ile haikudumu miaka miwili.

Mtoto wa pili alizaliwa Ghuba, katika tawi jingine la ukoo, baada ya mwaka 2006. Wazazi wake, kama wale wa kwanza, ni watoto wa ndugu. Dalili zilikuwa zile zile. Safari hii madaktari walipima damu, wakataja jina: maradhi ya Pompe. Baba yake alinipigia simu usiku akaniuliza kama nimepata kulisikia jina hilo. Ndiyo asili ya kusoma kwangu.

Na mwaka 2006 nimeutaja kwa sababu. Huko nyuma, mwaka 1964, de Duve aliandika kwamba kitu chochote seli inachokimeza kutoka nje aghalabu huishia katika lisosomu, na kwamba hiyo inafungua njia ya kumpa mgonjwa kimeng'enya asichokuwa nacho. Yaani mlango wa kabati lile upo, nao ni mdomo wa seli yenyewe. Kutoka neno hilo hadi dawa ilipita miaka mingi. Maradhi ya Gaucher yalitangulia kupata dawa ya namna hii, mwaka 1991. Kwa maradhi ya Pompe, Waholanzi wa Rotterdam waliwatibu watoto wachache kwa kimeng'enya kilichokamuliwa katika maziwa ya sungura waliotiwa jeni ya binadamu, wakaandika matokeo yao mwaka 2000. Mwaka 2006 dawa iliyotengenezwa kwa seli zinazokuzwa maabara ikaidhinishwa Ulaya na Marekani. Hutiwa kwa dripu kila baada ya wiki mbili, maisha yote. Ni ghali mno, wala haiponyi kila kitu: moyo mara nyingi hurudi karibu na kipimo chake, lakini misuli ya wengine hubaki dhaifu. Mtoto wetu wa pili ameishi. Amekwisha kuwa kijana, anasoma, anatembea kwa taabu, na ulimi wake kwa mzaha ni mwepesi kuliko miguu.

Jinsi maradhi haya yanavyorithiwa ni jambo ambalo limenenwa vibaya katika vikao vyetu, kwa hiyo naliandika hapa wazi. Kila mtu ana nakala mbili za jeni hii, moja ya baba na moja ya mama. Mwenye nakala moja mbovu haumwi kamwe wala hana alama. Mtoto huugua tu anapopata nakala mbovu kutoka pande zote mbili, na wazazi wote wawili wakiwa wachukuzi, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4. Hakuna maziwa katika hesabu hiyo, wala jicho. Baba ametoa nusu na mama nusu, na wote wawili waliipokea kwa wazee wao bila kujua. Binamu wa kwanza hushirikiana kwa wastani sehemu 1 kati ya 8 ya urithi wao. Ndiyo sababu nakala mbovu iliyopita kimya vizazi vingi hukutana na mwenzake katika ndoa za ndani. Sisemi ndoa hizo ni haramu, maana si haramu, na mimi mwenyewe ni mtoto wa ndoa ya namna hiyo. Nasema sasa kuna kipimo cha damu, na wanaoposana wanaweza kupimwa kabla ya kupeana mahari.

De Duve alifariki tarehe 4 Mei 2013 akiwa na umri wa miaka 95, baada ya kuchagua saa yake kwa njia inayoruhusiwa na sheria ya Ubelgiji na isiyoruhusiwa na dini yetu. Hilo ni baina yake na Mola wake. Mwaka 2016 Mjapani Yoshinori Ohsumi alipata Tuzo ya Nobel kwa kueleza jinsi seli inavyojila sehemu zake kwa utaratibu, na neno linalotumika kwa tendo hilo, otofaji, ni de Duve aliyelibuni mwaka 1963.

Katika mkutano wetu, siku ya Jumamosi baada ya chakula cha mchana, nitabandika ukutani shajara ya ukoo kuanzia kwa mababu wanane. Kwa idhini ya wahusika, matawi mawili yaliyofikwa na msiba huu yametiwa alama ya kalamu nyekundu, na mistari yote miwili inakutana kwa bibi mmoja aliyezikwa Makunduchi. Yapo matawi matano yatokayo kwa bibi huyo ambayo sina majina ya watoto wake waliofariki wachanga. Wenye kumbukumbu, hasa bibi zetu walioko Unguja na Mombasa, naomba waniandikie au wamwambie mjukuu aniandikie: jina kama lilitolewa, mwaka, umri kwa miezi, na kama shingo ilikaza. Barua zije kwangu binafsi, nami nitazihifadhi kama majalada ya siri yanavyohifadhiwa.